Matairi ya magari ya spoti: Rahisi imekuwa ghali

Mwenye gari la spoti anapoingia kwenye maduka ya matairi ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, swali lake la kwanza huwa ni bei. Muuzaji naye hujibu kwa bei, na biashara hufungwa hapo hapo. Kwa utaratibu huo wateja wengi wenye rimu za inchi 17 na 18 wanaendelea kununua hasara huku wakiamini wamebana matumizi.

Anayelipia tairi analipia mambo matatu: milimita za mpira anazoweza kuzitumia, miaka iliyobaki kabla mpira huo haujachoka, na uwezo wake wa kushika barabara iliyolowa. Bei isiyopimwa kwa mambo hayo matatu haimwambii mnunuzi lolote. Ikipimwa, inaonekana wazi kwamba tairi la mtumba la inchi 17, linalosifiwa kwa unafuu, ndilo mara nyingi ghali kuliko yote yaliyopangwa dukani.

SOKO LENYEWE

Magari yanayohusika yanafahamika. Subaru Impreza ilijijengea jina Afrika Mashariki pale Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997, na Richard Burns ile ya mwaka 2000, wote wawili wakiendesha gari hilo. Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, ilipata wapenzi wake baadaye. Mengi ya magari haya yaliingia yakiwa yametumika Japani, na yale ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa yana umri wa miaka 20 au zaidi. Bei ya kuyanunua imeshuka kadiri yanavyozeeka. Bei ya kuyavisha matairi haikushuka.

Impreza STI ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 huvaa matairi ya 225/45R17. Altezza RS200 huvaa 215/45R17. Hayo ni matairi ya gari lililokuwa ghali siku lilipotoka kiwandani, na muuzaji wa tairi hatoi punguzo kwa sababu gari limezeeka. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuangalia mtumba.

Viwanda viwili vilivyozoeleka katika kanda hii vimekwisha kuondoka ulingoni. General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi, kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana, kilifungwa mwaka 2016. Soko sasa linategemea meli. Bei inafuata dola, nauli ya makontena, na bei za mpira na mafuta duniani. Mwaka 2021, nauli za meli zilipopanda kupita kiasi, wenye maduka walijifunza jinsi tairi linavyoweza kupanda bei bila kuongezewa hata chembe ya ubora.

HESABU YA MILIMITA

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha takriban milimita 8. Ndani ya mifereji hiyo kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonyesha ukomo. Mpira wa juu ukichakaa hadi kulingana navyo, umebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Wataalamu wengi hushauri tairi libadilishwe likifika milimita 3, kwa sababu chini ya hapo uwezo wa mifereji kusukuma maji hupungua sana. Kwa gari la kasi, wakati wa masika, ushauri huo si wa kupuuzwa.

Ichukuliwe kwamba tairi jipya la kiwango cha kati linauzwa Sh 300,000, na la mtumba lenye milimita 4 linauzwa Sh 120,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji anaweza kuweka za duka lake. Mnunuzi anayebadilisha kwenye milimita 3 anapata milimita 5 za matumizi katika tairi jipya, yaani Sh 60,000 kwa kila milimita. Katika lile la mtumba anapata milimita moja tu, kwa Sh 120,000. Amelipa mara mbili.

Hata mnunuzi mgumu, anayesubiri hadi milimita 2, hanufaiki. Tairi jipya linampa milimita 6 kwa Sh 50,000 kila moja, na mtumba unampa milimita 2 kwa Sh 60,000 kila moja. Juu ya hapo kuna ujira wa fundi wa kuvua na kuvisha, pamoja na balansi. Mwenye matairi mapya analipa ujira huo mara moja, wakati mwenye mtumba anaulipa mara mbili au tatu katika muda huo huo. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Ikumbukwe pia kwamba kina cha mifereji kinaweza kughushiwa. Yapo matairi yanayochongwa upya kwa kisu cha moto ili yaonekane yana mifereji mirefu. Mpira uliochongwa ni ule uliokuwa ukilinda nyaya za ndani. Mfereji ukiwa na kingo zisizo sawa, au vinundu vya ukomo vikiwa vimekatwa au havionekani, tairi hilo liachwe hapo hapo lilipo.

UMRI UNASOMWA UBAVUNI

Jambo la pili ni miaka. Kila mnunuzi angejifunza kusoma tarakimu nne zilizo mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, biashara hii ingebadilika ndani ya msimu mmoja. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halina kazi tena barabarani. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, hivyo tairi lililokwisha kuvishwa huku upande huo ukitazama ndani linahitaji kuinamiwa kwa tochi.

Mpira huchakaa hata ukiwa umekaa bure. Jua, joto na hewa huukausha, ukapoteza ulaini unaoufanya ushike lami. Kampuni kadhaa za magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na kampuni kadhaa za matairi huweka ukomo wa miaka 10 hata kama mifereji bado ni mirefu. Uingereza ilipiga marufuku kuanzia Februari 2021 matairi yenye umri wa miaka 10 au zaidi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Nchi yenye baridi kama ile imeona haja hiyo. Barabara ya Chalinze saa nane mchana haiwezi kuwa na huruma zaidi.

Tairi la mtumba lina umri hata kabla halijapanda meli. Zaidi ya hayo, matairi ya mtumba hushindiliwa moja ndani ya jingine ili kontena libebe mengi. Yakifunguliwa bandarini yanarudi kwenye umbo lake, lakini nyaya zilizopinda ndani ya ubavu hazionekani kwa macho. Kasoro hiyo hujitokeza baadaye, gari likiwa kwenye mwendo, ubavu unapovimba kama jipu.

TAIRI LA THELUJI KWENYE JUA

Upo mtego mwingine ambao wauzaji wachache huutaja. Baadhi ya magari na matairi yanayotoka Japani, hasa maeneo ya kaskazini yenye baridi kali, huja na matairi ya theluji. Blizzak ya Bridgestone na iceGuard ya Yokohama ni miongoni mwa majina yanayojulikana. Ni matairi mazuri kwa kazi yake, na mara nyingi huonekana mapya kwa sababu kwao hutumika miezi michache tu kwa mwaka.

Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye barafu. Kwenye lami ya moto unalainika kupita kiasi, unaisha haraka, na gari linayumba linapokata kona au kufunga breki kwa nguvu. Yanatambulika kwa neno STUDLESS ubavuni, kwa mikato mingi midogo juu ya kila kipande cha mpira, au kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mengi pia huwa na herufi Q ya spidi, yaani ukomo wa kilomita 160 kwa saa. Kuliwekea gari la turbo tairi la namna hiyo ni kulipa fedha ili breki ziwe mbovu.

HASARA YA TAIRI MOJA

Kwa wenye Subaru kuna hesabu nyingine, nayo ndiyo inayouma zaidi. Gari linalosukuma magurudumu yote manne linahitaji matairi manne yanayolingana mzunguko. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Ikirudishwa kwenye mpira, hiyo ni tofauti ya milimita moja tu ya kina cha mifereji.

Tairi jipya la 225/45R17 lina mzunguko wa takriban mita 1.99. Likivishwa tairi hilo lenye milimita 8 pamoja na la mtumba lenye milimita 4, lile dogo litazunguka zaidi ya mara 6 za ziada katika kila kilomita. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190, inakuwa na mizunguko ya ziada inayofikia 1,200. Tofauti hiyo inabebwa na difu, na ile ya katikati iliyotengenezwa kwa ajili ya kukata kona inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka. Mafuta yake yanachemka, na mwishowe difu au gia boksi inafunguliwa.

Hivyo mwenye Subaru anayepasukiwa tairi moja na kununua moja la mtumba hajamaliza tatizo. Amelihamisha kutoka kwa fundi tairi kwenda kwa fundi gia boksi, ambaye bei zake hazifanani na za jirani yake. Kama matairi matatu yaliyobaki bado ni mapya, anunue moja jipya la aina ile ile. Kama yamechakaa, anunue manne. Wenye Altezza, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, wana nafuu: wanaweza kununua mawili mawili, ilimradi kila ekseli iwe na jozi inayofanana.

HOJA YA WACHINA NA WAJAPANI

Wapo wanaodai kwamba mtumba wa Japani ni bora kuliko tairi jipya la China. Hoja hiyo ina ukweli wa zamani ndani yake. Tairi jipya la Kijapani la daraja la juu linashika barabara kuliko tairi jipya la bei ya chini kutoka China, na hakuna sababu ya kubisha. Lakini ulinganisho wa dukani si wa jipya na jipya. Ni wa tairi lililotumika, lenye miaka 7 na mpira mkavu, na tairi la mwaka huu lenye mifereji kamili. Jina lililo ubavuni halirudishi ulaini uliokwisha kupotea.

Pia matairi ya China hayafanani. Yapo yanayotengenezwa kuuzwa Ulaya, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha. Hayo huwa na lebo ya Ulaya inayopanga ushikaji wa barabara iliyolowa kwa herufi, A ikiwa bora na E ikiwa ya chini kabisa tangu utaratibu wa mwaka 2021. Tairi lenye A au B katika safu hiyo ni bidhaa halali ya kulipia. Lisilo na lebo wala alama yoyote lisinunuliwe kwa gari la kasi hata likitolewa kwa bei ya kutupa.

HERUFI ZA SPIDI NA UZITO

Herufi iliyo mwisho wa kipimo nayo huleta ubishi. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240 na W ni 270. Wanaobana fedha huuliza kwa nini walipie W wakati sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuzidi 110. Jibu ni kwamba herufi hiyo inapima pia uwezo wa tairi kustahimili joto, na joto huongezeka upepo ukipungua, mzigo ukizidi na lami ikichemka. Mnunuzi asishuke chini ya herufi iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Wala hana sababu ya kupanda juu yake: matairi yaliyokaribia yale ya mashindano, yenye mpira laini sana, huisha upesi na mengi hayapendi maji.

Namba ya uzito isomwe pia. 87 ni kilo 545 kwa kila tairi, na 91 ni kilo 615. Kushuka namba ili kupata bei nafuu ni kupunguza akiba ya usalama siku gari likiwa na watu watano na mizigo.

Kuhusu mtindo wa kuongeza rimu, vipimo vinajieleza. Ubavu wa 225/45R17 una urefu wa milimita 101. Wa 225/40R18 una milimita 90, na wa 225/35R19 hauzidi 79. Kipenyo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, kwa hiyo kinachoondolewa ni mto unaoilinda rimu isikutane na shimo. Kwa barabara za mitaani, kila inchi inayoongezwa ni zawadi kwa fundi wa kunyoosha rimu na muuzaji wa shokapu.

MWENYE DUKA AFANYE NINI

Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuingia katika matairi ya inchi 17 ajue kwamba ni mtaji unaolala. Vipimo ni vingi: 205/50, 215/45, 225/45, 235/45. Kila kimoja kina wateja wachache, na kila seti iliyokaa rafu inahesabu wiki. Tairi lililohifadhiwa mbali na jua linazeeka polepole, lakini mteja aliyejifunza kusoma DOT hatalipa bei ya jipya kwa tairi la miaka 3.

Njia ya busara ni tatu. Kwanza, muuzaji amtake mwagizaji ataje mwaka wa kutengenezwa kabla ya kulipa, na auandike kwenye ankara. Pili, lililotangulia kuingia litangulie kutoka, na punguzo litolewe tairi likifika miaka 2 badala ya kusubiri liwe deni. Tatu, tarehe iandikwe wazi kwenye kibandiko cha bei. Muuzaji atakayeanza kufanya hivyo atapoteza wateja wachache wa haraka, na kupata wale wanaorudi.

Kipo pia kipimo ambacho wenye mitaji midogo wangepaswa kukitazama zaidi. Impreza WRX iliyouzwa Marekani mwaka 2002 ilitoka kiwandani na 205/55R16. Gurudumu hilo lina kipenyo cha milimita 632, likilinganishwa na 634 za 225/45R17, tofauti isiyofika nusu ya asilimia moja. Kipimo cha 205/55R16 huvaliwa na magari mengi ya kawaida duniani, kwa hiyo hupatikana kirahisi, bei yake ina ushindani, na hakilali dukani. Ubavu wake wa milimita 113 unastahimili mashimo. Mwenye STI yenye breki za Brembo hawezi kukitumia, kwani breki hizo zinahitaji nafasi ya rimu ya inchi 17. Lakini mwenye WRX ya kizazi hicho yenye breki za kawaida anaweza kuuza rimu zake za 17, akanunua za 16 pamoja na matairi manne mapya ya V.

Vijana wengi wataona kurudi inchi 16 ni kushushwa cheo. Soko halina cheo. Matairi manne mapya, ya mwaka mmoja, ya aina moja na yenye daraja nzuri ya kushika maji, yatasimamisha gari mahali ambapo mtumba wa inchi 18 utalipitisha. Kama fedha iliyopo haitoshi kununua manne mapya ya inchi 17, hiyo ni taarifa kamili ya hali ya mfuko, nayo itumike kuamua ukubwa wa rimu kabla ya kutumika kuamua umri wa tairi.